Catherine Ndereba na Swali la Kudumu kwa Bingwa wa Kike

Katika mambo ya riadha ya Kenya liko swali moja ambalo aghlabu huulizwa kwa haraka na kujibiwa kwa haraka zaidi, nalo ni hili: ni kitu gani kinachomwezesha mwanamke aliyejaliwa miguu myepesi kudumu katika ubingwa mwaka baada ya mwaka, ilhali wenzake waliojaliwa miguu kama hiyo hung'aa msimu mmoja au miwili, kisha majina yao yakafifia kabla umri wao haujafika thelathini? Wengi hutaja kipawa na kuishia hapo, kana kwamba Mwenyezi Mungu akishampa binti mbio amekwisha kumpa na mengine yote. Walakini kipawa hueleza ushindi wa siku moja, na hakitoshi kueleza ushindi wa miaka minane. Kwa hiyo nimeona vema kulichungua swali hili kwa kumtazama mwanamke mmoja wa nchi yetu hii ya mlimani, Catherine Ndereba wa Gatung'ang'a, Nyeri, aliyesimama katika safu ya mbele ya marathoni duniani tangu mwaka 2000 hata 2008. Na rai nitakayoitetea ni kwamba ubingwa wake ulisimama juu ya nguzo nne, yaani shule iliyomlea, ajira iliyompa riziki, nyumba iliyomsitiri, na subira aliyokwenda nayo mbioni, na kwamba ikikosekana moja katika hizo, hata kipawa kikubwa hufupishwa umri wake.

Sharti tuanze mbali kidogo, kwa maana mwanamke huyu hakuzuka katika jangwa. Mwaka 1968, Kenya ilipopeleka wanawake katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Mexico City, walikwenda watatu: Tecla Chemabwai, Lydia Stephens na Elizabeth Chesire. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kukimbia masafa marefu, na sababu haikuwa katika miguu yao; michezo ya wakati ule haikuwa na mbio za wanawake zilizopita mita 800, kwa dhana iliyotawala vichwa vya wakuu wa riadha kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kustahimili zaidi ya hapo. Mita 1,500 ziliongezwa mwaka 1972, marathoni ikangoja mpaka Los Angeles 1984, na mita 10,000 zikangoja mpaka Seoul 1988. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wanariadha wetu wa kike kilikuwa, kwa amri ya wakati, kizazi cha mbio fupi na za kati: Chemabwai alikimbia mita 400, Sabina Chebichi akaleta shaba ya mita 800 kutoka Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974, na Ruth Waithera, mmoja wa wakimbiaji wa kike wa masafa mafupi waliotajika sana nchini katika miaka ya themanini, akaiwakilisha Kenya katika mita 400 huko huko Los Angeles, ambako wanawake wa dunia waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia marathoni ya Olimpiki.

Mtu anaweza kuuliza, na kwa haki, kwa nini basi njia ile ya mbio fupi iliyofunguliwa na wanawake hawa haikupata wapitaji wengi baada yao, hasa katika wilaya zetu za Mlima Kenya. Jawabu ni kwamba mbio fupi zina gharama ambayo mtazamaji haioni. Binti wa mita 100, 200 au 400 hawezi kufika mbali akijizoeza peke yake juu ya njia ya udongo; anahitaji uwanja wenye njia ya mpira iitwayo tatani, vibao vya kuanzia mbio, vyuma vya kujenga misuli, na mkufunzi mwenye saa mkononi wa kumsahihisha namna anavyoinua goti na anavyochomoka kwenye mstari, na juu ya hayo anahitaji mashindano ya mara kwa mara, kwa kuwa sehemu ya kumi ya sekunde haipunguzwi kwa kukisia. Mkimbiaji wa masafa marefu anaweza kuanza na viatu, njia, na ruhusa ya wazazi. Tena, mbio za barabarani za Marekani, Ulaya na Japani zilipoanza kutoa zawadi nono za fedha, mtu aliyemaliza katika kundi la mbele huko aliweza kurudi na akiba ya kununulia shamba, ilhali bingwa wa taifa wa mita 200 aghlabu alirudi nyumbani na kikombe. Hata Pamela Jelimo, ambaye ujanani mwake alikuwa mkimbiaji wa mita 400, alijulikana duniani pale tu alipohamia mita 800 mwaka 2008. Kwa hiyo binti mwenye kasi aliyezaliwa milimani kwetu alivutwa na mambo mawili kwa pamoja kuelekea masafa marefu, ukosefu wa uwanja nyuma yake na ahadi ya riziki mbele yake.

Ndereba alizaliwa tarehe 21 Julai 1972 katika nchi hii ya miteremko, ambamo barabara ya tambarare ni nadra na njia za udongo mwekundu hupanda na kushuka baina ya mashamba ya chai na kahawa, na mtoto aendaye shule asubuhi hupanda kilima kimoja na kushuka kingine kabla kengele haijalia. Wako wasemao kwamba hapa ndipo siri yote ilipo, katika hewa nyembamba na vilima. Siwezi kukubali. Mji wa Nyeri uko kiasi cha mita 1,750 juu ya bahari, Nyahururu na Iten ni juu zaidi, na katika nchi hizo zote wapo maelfu ya mabinti waliopanda vilima vile vile wakivuta hewa ile ile, na hawakupata kuvaa fulana ya taifa. Mwinuko ni neema ya wote. Kinachomtofautisha mmoja na wengine ni kuonekana. Ndereba alionekana shuleni, katika Sekondari ya Ngorano, ambako mbio zake zilianza kuchukuliwa kwa uzito, na hii ndiyo nguzo ya kwanza: mashindano ya shule ni chujio la kwanza na pengine la pekee kwa mtoto wa mkulima mdogo, maana mzazi wake hana fedha za kumpeleka kambini wala hana habari kwamba kambi ipo.

Nguzo ya pili ilisimama mwaka 1994, alipoingizwa katika riadha ya Idara ya Magereza ya Kenya. Sisi wakazi wa Nyeri tunaolijua gereza la King'ong'o tangu utotoni tumezoea kuifikiria idara hiyo kwa kufuli na kuta zake, na ni wachache wanaotambua kwamba pamoja na jeshi na polisi, imekuwa kwa miaka mingi mlezi mkubwa wa wanariadha wa taifa hili. Tuitazame faida yake kwa karibu. Mwanariadha hana mazao ya kila mwezi. Ana miguu, na miguu huumia. Mshipa wa kisigino ukivimba, mtu hukaa miezi mingi bila kukimbia, na asiyekuwa na mshahara hulazimika ama kurudi mbioni kabla hajapona, ama kuacha kabisa akatafute kibarua. Aliyeajiriwa hupata mshahara wake mwisho wa mwezi, akapewa wasaa wa kufanya mazoezi, akawa na wenzake wa kukimbia nao, na mashindano ya mbio za nyika baina ya majeshi na idara yakampa kipimo cha haki kila mwaka. Kwa mwanamke faida hii ni maradufu, kwa kuwa fedha iliyo katika jina lake mwenyewe ni ngome ambayo hata jamaa wenye tamaa huiheshimu.

Nguzo ya tatu ni nyumba, na hapa ndipo tarehe zinaposema kwa ufasaha kuliko maneno. Ndereba alikwisha anza kushinda mbio za barabarani Marekani katikati ya miaka ya tisini, kisha mwaka 1997 akasimama kwa sababu ya uzazi, akajifungua binti. Kwa desturi ya wakati ule, na bado kwa desturi ya nyumba nyingi za leo, hapo hadithi ya mwanariadha wa kike ingalikuwa imefika ukingoni. Kwake yeye ndipo ilipoanza: mwaka 1998 alirejea mbioni, mwaka 1999 akakimbia Boston kwa mara ya kwanza akawa wa sita, akamaliza mwaka huo kwa nafasi ya pili New York, na ushindi wake wote uliomtia katika historia ulikuja baada ya kuwa mama. Alipokuwa ng'ambo kwa mazoezi na mashindano, mumewe alibaki Kenya akimtunza mtoto, jambo ambalo katika nchi yetu halikuwa la kawaida. Mume anayekubali kuulizwa sokoni mkewe yuko wapi, akajibu kwa fahari kwamba yuko kazini, ana sehemu yake katika medali ile.

Uzito wa nguzo hii huonekana zaidi pale inapoporomoka. Mwezi wa Septemba 2021 Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee huko Ujerumani, kwa muda wa 30:01, na mwezi uliofuata akakutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na umri wa miaka 25. Mwezi wa Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alifariki kwa majeraha ya moto baada ya kushambuliwa nyumbani kwake Trans Nzoia. Wanawake hawa hawakupungukiwa na kasi, wala mkufunzi, wala mashindano. Walipungukiwa na usalama mahali ambapo kila binadamu anastahili kuwa salama kuliko kwingine kote. Mtu anayejadili maendeleo ya riadha ya wanawake akataja viatu na viwanja, asitaje nyumba, amelikimbia jambo kubwa kuliko yote.

Sasa tuje kwenye nguzo ya nne, ambayo ni tabia yake mbioni, na ambayo hakuna idara wala jamaa aliyeweza kumpa. Ndereba alikuwa mkimbiaji wa kungoja. Katika mbio nyingi alizoshinda hakuonekana mbele mwanzoni. Alijiweka nyuma ya kundi kwa utulivu, akawaacha wenye pupa wakavunja upepo, na ilipofika kilomita ya thelathini na zaidi, wakati miguu ya wengine imekuwa mizito, yeye akaanza kuokota mmoja mmoja. Kwa namna hii alishinda Boston mwaka 2000, mbele ya Fatuma Roba wa Ethiopia aliyekuwa amelitwaa taji hilo mara tatu, akashinda tena 2001, na aliporudi mwaka 2004 katika siku ya joto kali alimshinda Elfenesh Alemu kwa sekunde 16. Mwaka 2005 Alemu huyo huyo alitangulia mbali kiasi cha kuwafanya watazamaji wadhani mambo yamekwisha, walakini Ndereba hakubadili mwendo wake kwa hofu, akampata katika sehemu ya mwisho na kumwacha. Na kwa ushindi huo akawa mwanamke wa kwanza kushinda Boston mara nne.

Wala asidhani msomaji kwamba subira hii ilikuwa kificho cha uhaba wa kasi. Tarehe 30 Septemba 2001, mjini Berlin, Naoko Takahashi wa Japani alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa mbili na dakika ishirini, kwa muda wa 2:19:46, na dunia ikaona kwamba jambo kubwa limetendeka ambalo litakaa. Halikukaa zaidi ya juma moja. Tarehe 7 Oktoba, katika barabara za Chicago, Ndereba alimaliza kwa muda wa 2:18:47, akaipunguza rekodi ile kwa sekunde 59. Mwaka uliofuata Paula Radcliffe wa Uingereza aliivunja rekodi hiyo mjini humo humo kwa 2:17:18. Lakini ndani ya Kenya, nchi isiyopungukiwa na wakimbiaji, muda wa Ndereba ulikaa bila kuguswa mpaka mwaka 2012, Mary Keitany alipokimbia London kwa 2:18:37. Rekodi ya taifa inayodumu zaidi ya miaka kumi katika nchi kama hii ni ushahidi usiohitaji wakili.

Katika mashindano ya dunia, ambako hakuna waongoza kasi na kila mtu hukimbia kwa akili yake, tabia yake ilipata uwanja wa haki zaidi. Mjini Paris mwaka 2003 alitwaa dhahabu kwa muda wa 2:23:55, akiwaacha Wajapani nyuma yake. Helsinki 2005 alipata fedha nyuma ya Radcliffe. Osaka 2007, katika joto na unyevunyevu uliowavunja wengi, alishinda kwa muda wa 2:30:37, ambao kwa tarakimu ni muda wa polepole na kwa hali ya siku ile ulikuwa kazi ya ustadi mkubwa, akawa mwanamke wa kwanza kutwaa taji la dunia la marathoni mara mbili. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Haki yataka tuitaje na hasara ya tabia hii, kwa kuwa uchambuzi usiotaja hasara ni sifa tupu. Dhahabu ya Olimpiki haikupata kumfikia. Athens 2004, katika njia ya kale itokayo mji wa Marathon, Mizuki Noguchi alichomoka mapema, kiasi cha kilomita ya 25, mahali barabara inapopanda; Ndereba alingoja kama ilivyo desturi yake, kisha akafukuza, akampunguza na kumpunguza, lakini uwanja wa kumalizia ukafika kabla hajamfikia, akawa wa pili kwa sekunde 12 tu. Beijing 2008 hali ilijirudia: Constantina Dita wa Romania aliondoka peke yake karibu na nusu ya safari, kundi la nyuma likatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kufukuza, na walipoamka Dita alikuwa amekwisha kwenda. Wapo waliosema, na hoja yao ina nguvu, kwamba mara zote mbili subira iligeuka kuwa ajizi, na kwamba mkimbiaji jasiri zaidi angalitwaa dhahabu.

Nimeipima hoja hii na naona inasahau jambo moja. Tabia ile ile iliyomnyima dhahabu mbili ndiyo iliyomfikisha kwenye Olimpiki mbili akiwa mzima na mwenye nguvu, katika umri ambao wengi walioondoka kwa ujasiri katika ujana wao walikuwa wamekwisha kuumia na kustaafu. Tuzitazame mita za mwisho za Beijing. Dita amekwisha kumaliza, na katika uwanja uliojaa Wachina wanaompigia kelele binti yao Zhou Chunxiu, wanaingia pamoja Zhou na Ndereba, mmoja wa miaka 29 akiwa nyumbani kwake, mwingine wa miaka 36 aliye mbali na kwake, na baada ya zaidi ya kilomita 42 medali ya fedha inaamuliwa kwa mbio za kasi kama za msichana wa mita 400. Ndereba anapita mstari kwa 2:27:06, Zhou kwa 2:27:07. Mwanamke anayeweza kutimka hivyo katika umri huo, baada ya safari hiyo, hakika hakuwa mzembe wala mwoga. Alikuwa ameitunza hazina yake, na alipoihitaji aliikuta.

Tukimlinganisha na wenzake wa zama zake, faida ya utunzaji huo huonekana wazi. Jelimo, katika mwaka ule ule wa 2008, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki, akakimbia mita 800 Zurich kwa 1:54.01 na kutwaa zawadi ya dola milioni moja ya msururu wa mashindano wa Golden League akiwa bado msichana mdogo. Na ijapokuwa alishinda taji la dunia la ukumbini mwaka 2012, hakupata tena kuufikia muda ule wa ujana wake. Samuel Wanjiru wa Nyahururu, jirani yetu, alishinda marathoni ya Beijing akiwa na miaka 21, na mwaka 2011 akafariki dunia kabla hajatimiza 25. Siwataji kwa kuwalaumu, maana utukufu na fedha vikimshukia kijana kwa ghafla, bila wazee wa kumshauri na bila nyumba tulivu, huwa mzigo ambao mabega machache huuweza. Nawataja ili ionekane kwamba tuzo kubwa zaidi ya mapema si dhamana ya kudumu.

Nyeri haikukoma kuzaa wakimbiaji baada ya Ndereba kuchomoza: Lucy Kabuu alishinda dhahabu ya mita 10,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006, na mwaka 2012 akakimbia marathoni ya Dubai kwa 2:19:34. Damu ipo, basi. Kisichokuwapo ni utaratibu unaohakikisha kwamba binti anayefuata hatategemea bahati kupata nguzo zote nne kwa pamoja. Uwanja wa Ruring'u, ambao ndio uwanja mkuu wa Nyeri, umekaa katika habari za ukarabati kwa miaka mingi kuliko inavyostahili, na kila mwaka unaopita ni darasa zima la wasichana wa masafa mafupi wanaomaliza shule bila kukanyaga tatani hata siku moja; na katika shule zetu nyingi, siku za michezo hukatwa kwanza kila kalenda ya mitihani inapobana.

Hukumu yangu ni kwamba Catherine Ndereba ni bingwa mkubwa kuliko tunavyomtaja, na kwamba taadhima iliyo bora kwake ni kuyarudia kwa makusudi yale aliyoyapata yeye kwa kudra. Serikali ya kaunti na ifungue Ruring'u kwa wanafunzi, si kwa mikutano na sherehe tu. Walimu na wailinde siku ya michezo kama wanavyolinda siku ya mtihani, na mbio fupi za wasichana zipewe heshima sawa na mbio ndefu. Magereza, polisi na jeshi waendelee kuwaajiri mabinti mapema, kabla mawakala wa ng'ambo hawajawafikia. Na sisi wazazi na waume, kutoka Skuta mpaka Karatina, kutoka Othaya mpaka Nyahururu, tuhakikishe kwamba binti anayerudi na kikombe mkononi anarudi kwenye nyumba iliyo salama. Hayo yote yamo katika uwezo wetu, na hakuna hata moja linalohitaji kusubiri kipawa kingine kizaliwe.